Mwonekano wa Satini katika Uhariri wa Picha Nyeusi na Nyeupe: Mwanga, Ngozi na Ushahidi katika Picha za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mwonekano laini unaofanana na kitambaa cha satini unavyopatikana wakati wa kuhariri picha nyeusi na nyeupe. Mifano imetolewa katika mazingira ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako udongo mwekundu, moshi wa kiangazi na weusi wa ngozi za watu huibua masuala ambayo miongozo mingi ya upigaji picha haikuyazingatia. Hoja kuu ni kwamba ulaini wa satini hutokana na mpito wa taratibu kutoka kijivu kimoja hadi kingine, wala hautokani na kufutwa kwa undani wa picha. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee pale picha inapokuwa ushahidi wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Wengi wao walikusanywa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyowahi kupatumia. Miongoni mwa wapiga picha waliofika Benaco mwaka huo alikuwa Mbrazili Sebastião Salgado (1944–2025). Kabla ya kushika kamera, Salgado alikuwa mchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London, na kazi hiyo ilimfikisha Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa katika ukanda huu wa kahawa. Picha zake za Benaco, zilizoingia katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2000 kuhusu uhamaji wa watu duniani, ni miongoni mwa picha za Ngara zilizoonwa na watu wengi nje ya Tanzania.

Anayezitazama picha hizo hukutana na jambo linalotatiza. Watu waliomo wamepoteza karibu kila kitu, ilhali mwanga unaowaangukia ni mwororo. Moshi wa kuni na vumbi vimeuchuja. Kijivu kinatiririka juu ya mablanketi na mashavu bila kukatika ghafla. Je, ulaini huo ni wa kweli, yaani ulikuwepo hewani siku ile, au uliongezwa baadaye katika chumba cha giza? Na kama uliongezwa, je, umepunguza ukweli wa picha?

Swali hili si la wanahistoria wa sanaa pekee. Siku hizi mwanafunzi anayefanya utafiti wa uwandani Nyakanazi au Kabanga hubeba simu yenye programu inayoweza kuigeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, na kuilainisha, kwa kuguswa mara moja tu. Tokeo hilo huingia katika tasnifu kama data. Mtahini anayelipokea anapaswa kujua ni nini kilichofanyika ndani ya mguso huo mmoja.

2.0 Satini ni nini?

Istilahi hii imetoka dukani kwa vitambaa. Satini hufumwa kwa namna inayoacha nyuzi ndefu zikilala juu ya kitambaa, hivyo mwanga unaoiangukia haurudi wote kwa mkupuo kama urudivyo kutoka kwenye kioo, wala haumezwi kama umezwavyo na kaniki. Hutawanyika kidogo, ukawa na kitovu angavu chenye kingo zisizokatika. Mtu akiikunja satini, mkunjo wake huonyesha ngazi zote kutoka weupe hadi weusi, na jicho haliwezi kusema ni wapi ngazi moja imeishia na nyingine imeanzia.

(Kiswahili kina bahati ya pekee hapa: hariri ni kitambaa, na kuhariri ni kazi ya mhariri. Maneno haya yanafanana kwa sauti tu. Maana zake hazina undugu. Hata hivyo mfanano huo unamsaidia anayefundisha somo hili.)

Katika upigaji picha, neno satini lilitumika kwanza kuelezea uso wa karatasi. Karatasi ya kung'aa iliyopakwa jelatini yenye chembe za fedha huweza kutoa weusi mzito sana, lakini huakisi taa za chumba. Karatasi isiyong'aa haisumbui macho, ila weusi wake ni hafifu. Uso wa satini upo katikati. Mhariri wa leo anayefanya kazi kwenye kioo cha kompyuta hana uso wa karatasi wa kuchagua. Anachofanya ni kuiga athari yake kwa kupanga upya kijivu. Ndiyo maana makala hii inauchukulia mwonekano wa satini kuwa suala la mpangilio wa kijivu, na haiuchukulii kuwa kichujio cha urembo.

3.0 Kutoka rangi hadi kijivu: udongo, ngozi na migomba

Kosa linalojirudia mara nyingi hutendeka mapema, kabla hata ya kulainisha kitu chochote. Kila pikseli ya picha ya rangi ina thamani tatu: nyekundu, kijani na buluu. Programu ikiamriwa kuondoa rangi, kwa kawaida hutumia uwiano uliorithiwa kutoka kwenye televisheni, ambao ni takribani asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Uwiano huo unakaribia namna jicho la mwanadamu linavyohisi mwangaza. Haukutungwa kwa ajili ya Ngara.

Tuchukue mfano. Mama anauza ndizi kando ya barabara Nyakanazi, kwenye njia panda ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Ni saa kumi alasiri. Nyuma yake kuna migomba, chini ya miguu yake kuna udongo mwekundu, na ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea. Ngozi za binadamu, za weusi na za weupe, hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi kuliko wa buluu. Mabaka, makovu madogo na vinyweleo huonekana zaidi katika buluu na kijani, na hufifia katika nyekundu. Hivyo mhariri akiongeza mchango wa nyekundu, uso wa mama yule utapata mng'ao wa ndani na kuwa laini, bila kuguswa na zana yoyote ya kulainisha. Wapiga picha wa zamani walilijua hili: filamu za awali ambazo hazikuhisi nyekundu zilifanya ngozi iwe nzito na yenye madoa, na filamu zilizohisi rangi zote, zikitumiwa pamoja na kichujio cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi, zililainisha.

Lakini udongo nao ni mwekundu. Nyekundu ikiongezwa, ardhi yote inapauka na kuwa kama mchanga wa pwani, na mtazamaji aliyekulia Biharamulo atajua mara moja kwamba hapo si kwao. Programu nyingi hujaribu kutatua jambo hili kwa kutoa vidhibiti vinane hivi, kila kimoja kwa rangi yake. Tatizo ni kwamba ngozi ya kahawia na udongo mwekundu vyote huangukia chini ya kidhibiti kimoja, kile cha rangi ya chungwa. Ukikisogeza, vyote viwili vinasogea. Mguu ulioshika vumbi huungana na ardhi, na hapo hakuna uwiano wa rangi utakaoutenganisha. Kinachoweza kuutenganisha ni mwelekeo wa mwanga tu, au eneo lililochaguliwa kwa mkono na kushughulikiwa peke yake.

Kwa maoni ya mwandishi, suluhisho la busara zaidi ni kuacha rangi ya chungwa karibu na ilivyo na kufanya kazi kwenye migomba. Jani la mgomba lina uso wenye nta unaoakisi anga. Katika ubadilishaji wa kawaida hutokea kama mabamba meupe yanayoshindana na uso wa mtu. Njano na kijani vikishushwa, migomba inarudi nyuma na kuwa pazia la kijivu kizito, na uso unajitokeza bila kuongezewa mwanga wowote.

Moshi una kanuni yake. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, nyasi na misitu ya Biharamulo huungua, na hewa hujaa utando. Chembe ndogo za moshi hutawanya buluu kuliko nyekundu. Kwa hiyo utando huo huonekana sana katika thamani za buluu na huelekea kutoweka katika nyekundu. Chembe za vumbi la barabarani ni kubwa zaidi na hutawanya rangi zote karibu sawa. Hivyo anayetaka kuuhifadhi moshi kama tabaka la satini kati ya vilima hana budi kuiachia buluu nafasi, na anayeukata kwa nyekundu ajue kwamba vumbi litabaki palepale. Hapa jibu la swali la kwanza la utangulizi linaanza kuonekana: sehemu kubwa ya ulaini wa picha za kambini ingeweza kuwa hewani kweli. Moto wa kupikia wa watu robo milioni ni kichujio kikubwa kuliko chochote kinachouzwa dukani.

4.0 Mstari wa toni na hatari ya kupauka

Baada ya ubadilishaji huja mstari wa toni, yaani ule mstari wa mshazari ndani ya mraba ambao mhariri huupinda ili kuamua kijivu gani kitoke wapi. Maelekezo ya kawaida ya mwonekano wa satini ni mafupi: inua kidogo ncha ya weusi, shusha kidogo ncha ya weupe, acha katikati. Kwa mizani ya 0 hadi 255, weusi kabisa huanzia kama 10 na weupe kabisa huishia kama 245. Picha hupoteza ukali na kupata hewa.

Maelekezo hayo yanatosha kwa ukuta, wingu na nguo. Kwa uso mweusi yanaweza kuharibu. Ansel Adams na Fred Archer, walipounda mfumo wao wa kanda za mwanga karibu na mwaka 1940, walizigawa toni katika ngazi kumi na moja kuanzia sifuri. Ngozi ya Mzungu iliwekwa katika ngazi ya sita, na ngozi nyeusi ilitajwa katika ngazi ya tano, ambayo ni kijivu cha katikati kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Katika faili ya kawaida ya kompyuta, ngazi ya tano ni takribani 118, ya sita ni takribani 162, na ya nne ni takribani 85. Nyuso nyingi za Ngara, zikipigwa picha jua likiwa pembeni, huenea kutoka ngazi ya tatu kwenye upande wa kivuli hadi ngazi ya saba kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Upana huo ndio uzuri wake. Umbo la uso mweupe huchorwa zaidi na vivuli; la uso mweusi huchorwa zaidi na miale inayoakisiwa juu ya ngozi, hasa iliyopakwa mafuta.

Kwa hiyo mhariri anayeshusha weupe wote kwa pamoja ili kupata ulaini huondoa kalamu iliyouchora uso. Akiinua na weusi pia, kinachobaki ni kijivu kimoja kisicho na joto. Kiswahili kina neno kamili la hali hiyo: ngozi imepauka. Mtu aliyejipaka mafuta asubuhi kabla ya kupigwa picha anatoka kwenye picha kama ambaye hakuoga. Hili ni zaidi ya suala la ladha, kwani ni upotoshaji wa mtu.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Kadi za kupimia rangi zilizosambazwa na Kodak kwa maabara za kusafisha picha zilionyesha mwanamke mweupe, na kwa miongo kadhaa ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo cha usahihi. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth (2009) ameonyesha kwamba hata marekebisho yalipokuja, msukumo wa awali ulitokana na malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautishika. Mipangilio iliyo tayari ndani ya programu za leo haikutengwa na urithi huo.

Namna sahihi, basi, ni kuupinda mstari kwa upole katika sehemu mbili tu. Weusi uinuliwe chini ya ngozi, yaani katika nguo na vivuli vya nyuma, na mstari uwe umerudi kwenye mshazari wake kabla ya kufika 60. Juu, kuanzia kama 190, mstari uinamishwe polepole ili miale ya paji la uso isigonge weupe mtupu. Kati ya hapo na hapo mstari uachwe, au hata uongezewe mwinamo kidogo. Filamu ilifanya kazi hii ya juu yenyewe: negativu ya Kodak Tri-X, ambayo Salgado aliitumia kwa miaka mingi, hubana weupe taratibu kadiri mwanga unavyozidi. Kihisi cha kamera ya kidijitali hakibani. Kikijaa, kimejaa, na hakuna uhariri utakaorudisha kilichopotea. Kwa sababu hiyo satini huanzia kwenye kupiga picha: mwanga upimwe kwa ajili ya sehemu angavu za uso, na vivuli vishughulikiwe baadaye kutoka kwenye faili ghafi.

5.0 Kulainisha bila kufuta

Undani wa picha una ukubwa tofauti. Kuna undani mdogo kabisa: vinyweleo, nyuzi za kitenge, mvi moja moja. Kuna wa kati: mabonde ya uso, mikunjo ya nguo, vifundo vya mikono. Kisha kuna maumbo makubwa. Mwonekano wa satini hupatikana kwa kupunguza tofauti za mwanga katika ukubwa wa kati na kuuacha undani mdogo ulivyo. Programu ya Lightroom ilikuwa kwa muda mrefu na kidhibiti kimoja cha ukubwa wa kati. Mwaka 2019 iliongezewa cha pili kinachogusa undani mdogo zaidi. Kushusha kile cha kwanza kwa vipimo 10 hadi 15 na kukiacha cha pili kwenye sifuri huleta satini. Kushusha vyote viwili huleta sanamu ya plastiki. Katika GIMP, isiyolipiwa, kazi hiyohiyo hufanywa kwa kunakili tabaka, kulitia ukungu, na kulichanganya na picha ya asili kwa asilimia 15 hadi 20 tu.

Mwelekeo wa ukungu nao una maana, na wahariri wachache hulizingatia. Kitambaa chembamba kikiwekwa mbele ya lenzi wakati wa kupiga picha, mwanga humwagikia kwenye kivuli, na vitu vyeupe hupata utaji. Kikiwekwa chini ya lenzi ya mashine ya kukuzia picha katika chumba cha giza, mambo hugeuka, kwa kuwa katika negativu kivuli ndicho kinachopitisha mwanga: weusi humwagikia kwenye weupe. Namna ya kwanza hutoa ndoto, ya pili hutoa uzito. Kwa picha za jua kali la mchana, ambapo shati jeupe tayari linasumbua, ya pili inafaa zaidi, na kwenye kompyuta hupatikana kwa kuruhusu tabaka lenye ukungu lifanye kazi pale tu linapokuwa na giza kuliko picha ya asili.

Hatua ya mwisho ni punje. Inaonekana ni kinyume kuongeza chembe juu ya kitu unachotaka kiwe laini, lakini kijivu kinachobadilika polepole mno, kama anga juu ya bonde la Kagera, hukatika vipandevipande katika faili yenye ngazi 256. Punje nyembamba huzificha ngazi hizo. Salgado mwenyewe, alipohamia kamera za kidijitali katikati ya mradi wake wa Genesis, aliongeza punje za kuigiza Tri-X kwa programu ya DxO ili picha mpya zikae pamoja na zile za filamu.

6.0 Ulaini na ushahidi

Lawama kwamba Salgado huipamba dhiki ilitolewa na Ingrid Sischy katika jarida la The New Yorker mwaka 1991, miaka mitatu kabla ya Benaco, na imerudiwa mara nyingi tangu hapo. Makala hii inaikubali nusu. Ni kweli kwamba mtazamaji anaweza kuusifu mwanga akamsahau mtu. Lakini aina ya ulaini ina umuhimu. Ulaini uliotokana na moshi, pembe ya jua na kijivu kilichopangwa vema haumwondolei mtu chochote: nyufa za nyayo, nyuzi za blanketi na uchovu wa macho vinabaki vinasomeka. Ulaini wa kufuta undani mdogo ungeviondoa, na pamoja navyo habari zote alizozihitaji mtazamaji.

Lawama nzito zaidi ni ile ya Susan Sontag (2003), aliyesema kuhusu picha za Salgado za uhamaji kwamba maelezo yake hayawataji watu kwa majina. Lawama hiyo haihusu mwanga kabisa, na mstari wa toni hauwezi kuijibu. Katika muktadha wa Ngara ina pande mbili: jina humrudishia mtu utu wake, na kwa mkimbizi jina lililochapishwa linaweza kumletea hatari. Mtafiti hana budi kuamua pamoja na mhusika, na uamuzi wenyewe uandikwe.

Kuhusu mipaka ya uhariri, shindano la World Press Photo huruhusu picha kugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, lakini hukataza marekebisho ya mwanga na giza yanayoficha watu au vitu vilivyokuwemo. Mwaka 2010 mshindi mmoja alinyang'anywa tuzo kwa kuondoa kipande kidogo cha mguu wa mtu kwenye picha ambayo pia ilikuwa imekatwa, ikageuzwa nyeusi na nyeupe na kutiwa punje nyingi. Kilichomhukumu ni mguu; kijivu na punje havikumponza. Kanuni hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye tasnifu bila tabu: kijivu kinaweza kupangwa, kilichomo hakiondolewi. Shaka hubaki kwenye weusi. Mandhari yaliyotiwa giza hadi mahema ya nyuma yasionekane yameondolewa, hata kama hakuna aliyetumia kifutio.

7.0 Uchapaji na uwasilishaji

Tasnifu nyingi huchapwa kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini. Juu ya karatasi hiyo weusi ni kijivu kizito tu, na picha iliyolainishwa kwa ajili ya kioo hutoka imefifia. Nakala ya kuchapwa hutakiwa kuwa na weusi uliorudishwa karibu na sifuri na katikati iliyoinuliwa kidogo, kwa kuwa wino husambaa na kutia giza. Nakala ya kuwekwa hazinani ihifadhiwe bila kubanwa kupita kiasi, la sivyo anga hurudi kuwa ngazi.

Pamoja na kila picha, mtafiti aambatishe faili ghafi au nakala ya rangi ambayo haijaguswa, na chini ya picha aandike mahali, tarehe, ridhaa ya mhusika na hatua za uhariri kwa mpangilio wake: uwiano wa rangi uliotumika, sehemu za mstari wa toni zilizopindwa, kiasi cha ulainishaji, punje. Mistari minne inatosha. Mtahini anayetilia shaka ataweza kuirudia kazi hiyo mwenyewe na kulinganisha uso na uso.